Fundi Magodoro Aliyesema Hana Kazi

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Hapana, tusidanganyane. Sabini na nne ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, watu walipobeba milango ya nyumba zao vichwani, na Yeremia wakati huo alikuwa bado mtu na heshima zake. Haya yalimpata baadaye, themanini na tatu, mwaka ule sabuni ilipoadimika hata watu wakafulia majani ya mpapai. Themanini na tatu, basi. Ukikosea mwaka unamwonea mtu, na huyu ameonewa vya kutosha, hata kama aliyeanza kumwonea ni yeye mwenyewe.

Yeremia alikuwa fundi magodoro wa Kimamba. Kwao hasa ni Mamboya, huko milimani, nyumba ya watu wa kanisa. Baba yake, Mzee Danieli, hakukosa ibada hata mvua ikinyesha, wala hakusema uongo, isipokuwa kwa jambo moja. Mtoza kodi wa Mwingereza alipopanda mlima na askari wake, Mzee Danieli alishika njia ya msituni, na watoto walifundishwa la kujibu: "Baba yetu alikufa zamani." Alikufa hivyo kila mwaka, na kila mtoza kodi alipoteremka, akafufuka na kuuliza kama kuna ugali. Yeremia alikua akiliona hilo kuwa jambo la kawaida, kama kuanua nguo wingu likitanda.

"Mtoza kodi ni mvua ya mawe, mwanangu," mzee alimwambia. "Hushindani nayo. Unaingia ndani mpaka ipite."

Alipopata ndevu, Yeremia aliteremka kwenda kukata mkonge katika shamba moja la upande wa Kimamba. Mkonge haukumpenda. Miiba yake ilimchoma vidole vikavimba, akawa anakula kwa mkono wa kushoto kama mtu asiye na adabu. Hapo ndipo alipokutana na Mzee Mwinyimkuu, mtu wa bondeni, Mwislamu mpole aliyetengeneza magodoro ya sufi barazani kwake. Mzee aliitazama mikono ya yule kijana, akasema, "Mikono hii imeumbiwa kitu laini," akamweka karibu yake. Yeremia hakurudi tena shambani. Akaapa kwamba hatarudi.

Asiyeijua kazi hii hudhani ni kujaza tu, kama mtu ajazavyo gunia la mahindi. Sivyo. Sufi hutoka kwenye misufi, ile miti mirefu inayopasua vitumba vyake wakati wa kiangazi na kumwaga weupe barabarani. Sufi mbichi ukiijaza inaoza, na sufi kuukuu ukiirudisha bila kuianika inakaa mabonge, mtu akilala anaamka kama kapigwa. Kwa hiyo godoro hufunguliwa, sufi hutandazwa juani, hufunikwa chandarua kikuukuu upepo usiibebe, kisha fundi hukaa. Anakaa tu. Asubuhi yote anakaa kando ya ile sufi, anaitazama, anaigeuza kidogo, anakaa tena. Ikikauka ndipo anaichapa kwa fimbo mpaka ipumue, anaijaza, na kuishona kwa shazia, sindano ndefu ya magunia. Mwinyimkuu alisema nusu ya ufundi iko kwenye kuchapa na kushona, na nusu nyingine iko kwenye kukaa.

Na kulikuwa na desturi moja ya kazi. Kabla ya kufumua godoro la mtu, fundi anamwita mwenye nyumba, anakunja mikono ya shati na kumwonyesha viganja vitupu. Watu huficha vitu kwenye magodoro. Yeremia alikuta humo pete, hirizi, noti zilizoliwa na panya, hata meno ya mtu. Kila alichokikuta alikiweka juu ya kigoda mbele ya mwenyewe. Kwa hilo alisifiwa toka Kimamba hadi Kilosa mjini, na reli ya kwenda Mikumi ilipojengwa, sifa ikapanda treni pamoja naye. Usiku wa Uhuru, mwaka wa sitini na moja, bendera ilipokwisha kupandishwa na watu kupiga vigelegele, wageni wote waliofikia Kilosa walilala juu ya kazi ya mikono yake. Yeye mwenyewe alilala chini kwenye mkeka, kachoka, lakini anacheka peke yake.

Akamwoa Raheli, binti wa huko huko Mamboya, wakapata mtoto mmoja, Yunis. Nyumba yao ilikuwa ya bati. Hawakuwa matajiri, ila njaa ilipopita mtaani haikubisha hodi kwao.

Sasa tuje kwenye ule mkutano.

Kodi ya kichwa ilikuwa imefutwa zamani, watu wakaisahau kama ndui. Halafu zikaja habari kwamba kodi inarudi na jina jingine, na kwamba nchi haitaki tena watu wasiofanya kazi. Mkutano ukaitwa uwanjani Kimamba. Karani alitoka wilayani, kijana mwenye suti ya kaunda iliyopauka, akasimama akasema maneno ambayo, ukiyafikiria leo, yalikuwa wazi kabisa.

"Ndugu wananchi, wenye mashamba tunawajua. Walioajiriwa tunawajua. Shida ni hawa wanaojitegemea. Mafundi, wachuuzi, wapiga picha. Kila mmoja aseme kazi yake na anachopata, aandikwe, alipe kadiri ya pato lake. Akishalipa tunampa cheti cha kazi, atembee nacho kokote, asibughudhiwe. Asiye na kazi naye aseme, tujue la kumfanyia."

Watu walilisikia lile la kulipa. Lile la kutembea na cheti likapita juu ya vichwa kama kunguru.

Balozi wa nyumba kumi wa Yeremia alikuwa Filipo, naye alikuwa mtani wake, utani wa koo, wa tangu babu na babu. Mwenye mtani anajua. Mtani anaweza kukuchukulia kofia njiani, akala ugali wako, akakutukana mbele ya wakwe zako, na wewe huruhusiwi kununa. Filipo aliufanya utani huo kama ibada. Akimwona Yeremia kajitwika mfuko wake, alipiga kelele: "Jamani, funikeni vitanda vyenu, mla sufi anapita!" Naye Yeremia alijibu, "Funikeni masufuria, balozi ananusa!" Siku isiyokuwa na matusi kati yao ilikuwa siku ya msiba.

Zamu ya Yeremia ilipofika alisimama. Akamwona karani, akauona mkoba wake, na badala ya uwanja wa Kimamba akauona mlima, akamwona baba yake akikimbia kwenye migomba.

"Jina?"

"Yeremia, mwana wa Danieli."

"Kazi?"

Kabla hajajibu, Filipo aliruka. "Huyu? Huyu hana kazi, karani! Mwandike mzururaji! Kutwa kucha anakaa kando ya sufi akiitazama, eti anangoja ikauke. Kazi yake kulala kwenye magodoro ya wake za watu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama walipigana makofi ya mabega. Hata karani alicheka, akajifuta macho, akamgeukia Yeremia kwa upole.

"Mzee wangu, ni kweli? Huna kazi?"

Hapo ndipo pa kusimama. Neno moja lingetosha. Angesema, "Huyu ni mtani wangu, bwana, mimi ni fundi, na pato langu ni hili," watu wangecheka tena na mambo yangekwisha. Lakini Yeremia aliuona mlango umefunguliwa na mtu mwingine, akapita. Akajiinamisha na kusema, "Mtani akishasema, mimi ni nani nipinge? Sina kazi, mwanangu. Nahangaika tu."

Karani akaandika, akaita jina linalofuata.

Njiani Filipo alimpiga kibao cha mgongoni. "Mtani, nimekuokoa leo. Kesho naja kuchukua jogoo wako."

"Mchukue. Uchukue na kuku jike."

Walicheka mpaka nyumbani. Raheli hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma mkutanoni, kajifunga kanga mbili, na aliingia ndani akapika. Chakula kilipoiva akamwita.

"Baba Yunis."

"Naam."

"Wewe hujawahi kuchukua hata senti ya mtu kwenye godoro."

"Sijawahi."

"Leo umejiibia mwenyewe. Umesema huna kazi mbele ya Kimamba nzima."

"Ulikuwa utani, mama. Kila mtu anajua mimi ni fundi."

"Watu wanajua. Karani anajua alichoambiwa." Akamsogezea maji ya kunawa. "Baba yako alijificha kwa Mwingereza kwa sababu Mwingereza hakuwa na jambo naye ila kumchukulia. Hawa ni wetu. Siku ukiwahitaji watakutafutia wapi, nawe umeshawaambia hupo? Rudi ukaseme kweli. Hata kama ni kidogo, sema."

Alisema atakwenda. Jumatatu akapata kazi Mikumi, akapanda treni.

Mikumi, kando ya barabara kuu, kulikuwa na nyumba ya wageni ya mama mmoja aitwaye Gaudiosa. Madereva wa malori ya kwenda Zambia walilala pale, na Yeremia ndiye aliyemtengenezea magodoro yake yote, tena kwa miaka. Kesho yake asubuhi alifumua matatu, akatandaza sufi uani upande wa barabara penye jua, akafunika chandarua, akakaa. Kama alivyofundishwa.

Mgambo walikuja asubuhi hiyo, wanne, na ofisa wao. Walikuwa wanakusanya watu wasio na kazi. Walimkuta mtu mwenye nguvu zake amekaa kwenye kigoda, saa za kazi, hafanyi kitu.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nangoja, bwana."

"Unangoja nini?"

"Sufi ikauke."

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Leo tumempata bingwa." Wakacheka, na kicheko kile kilifanana sana na kile cha uwanjani.

"Mimi ni fundi magodoro," Yeremia alisema, akasimama. "Hii ndiyo kazi yenyewe."

"Cheti cha kazi?"

Hakuwa nacho. Wakapekua mfuko wake, wakatoa shazia. Ofisa aliigeuzageuza juani. "Na hii? Mtu asiye na kazi anatembea na chuma kirefu namna hii?"

"Ndiyo sindano yangu. Muulizeni mama mwenye nyumba."

Gaudiosa alikuwa mlangoni. Alikuwa mwanamke mwema. Kila safari alimpa Yeremia nyama kabla ya madereva. Ofisa akamuuliza, "Mama, hii ni nyumba ya wageni?"

Macho ya Gaudiosa yakazunguka. Naye alikuwa na mkutano wake huko Mikumi, naye alikuwa amesema lake: kwamba ile ni nyumba ya familia, na wanaolala ni ndugu wa marehemu mumewe. Madereva wote wa barabara ile walikuwa shemeji zake.

"Ni nyumba yangu tu," akasema.

"Na huyu anakufanyia kazi?"

"Alipita kupumzika. Simfahamu sana."

Yeremia hakumlaumu, hata baadaye. Alijua alichokiona usoni mwake, kwa sababu alikuwa amekivaa yeye mwenyewe uwanjani Kimamba. Walipompandisha garini aligeuka, akaona upepo umekamata pembe ya chandarua na sufi imeanza kutoka, inavuka barabara, nyeupe, na hakuna anayeifukuzia.

Wakampeleka Kilosa. Siku ya pili Filipo aliitwa, akaja mbio na baiskeli, jasho linamtiririka, amevaa shati lake la mikutano.

"Shikamoo, ofisa," alisema, ingawa ofisa alikuwa wa umri wa mwanawe; hofu ilimgeuza. "Huyu ni fundi, bwana. Fundi hasa. Mimi mwenyewe nalala kwenye godoro lake."

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Ni vizuri kulisema hilo. Alizungumza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa.

"Mzee balozi, mkutanoni Kimamba ulisema hana kazi. Nimemuuliza karani, anakumbuka, kwa sababu watu walicheka sana."

"Nilikuwa namtania, bwana! Huyu ni mtani wangu!"

"Sawa, wewe ulitania. Na yeye alipoulizwa akajibu hana kazi, naye alitania?"

Filipo akamgeukia mtani wake.

"Basi sikilizeni," ofisa akasema. "Kama huyu ni fundi, amemficha mtoza kodi pato lake, na wewe balozi umemsaidia kuficha. Hilo nalipeleka mbele, ninyi wawili, na ubalozi wako uuage. Kama si fundi, ni mzururaji, atakwenda kusaidia mavuno ya mkonge. Mzee Yeremia, nakuuliza wewe sasa, kwa mara ya mwisho. Una kazi au huna?"

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Nje treni ya mizigo ilikuwa inapiga kelele stesheni. Filipo alikuwa na watoto wengi na ugonjwa wa kifua, na jasho lake lilidondoka sakafuni. Labda Yeremia alimwonea huruma mtani wake. Labda ule mlima wa Mamboya ndio uliosema ndani yake, ingia ndani mpaka ipite. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

"Sina kazi," akasema.

Filipo akaanza kulia. Mtu mzima, balozi, analia mbele ya mgambo.

Wakampeleka shambani. Halikuwa lile la ujana wake, lilikuwa jingine, lakini mkonge haubagui. Usiku walilala watu wengi kwenye banda moja, juu ya magunia yaliyojazwa majani, na wenzake waliposikia yeye ni fundi magodoro walimbembeleza: "Mzee, tushonee basi tulale kama watu." Angeshonea nini? Shazia ilibaki Kilosa kama silaha. Mwiba ukamwingia kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono wa kulia. Akaunyamazia. Mkono ukavimba mpaka kwenye kiwiko, na ulipopasuliwa na kupona, vidole vitatu vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki, kama meno ya reki.

Aliporudi Kimamba mvua zilikuwa zimekwisha. Raheli alikuwa ameuza bati la upande mmoja ili Yunis asiondolewe shule ya wamisionari huko milimani, na chumba cha nyuma kilikuwa wazi juu. Hakumwambia "nilikuambia." Alimwoshea mkono kwa maji ya uvuguvugu, akajaribu kuvikunja vidole, vikakataa, akajaribu tena. Alifanya hivyo kila jioni kwa muda mrefu, kisha siku moja akaacha, wala hawakulizungumzia.

Yeremia alijaribu kazi. Aliomba shazia ya kuazima, akafumua godoro lake mwenyewe, akaianika sufi, akaichapa kwa mkono wa kushoto. Kukaa alikuwa bado anakuweza. Ilipofika kushona, sindano ikamponyoka na kutumbukia ndani ya sufi, akaitafuta mpaka giza likaingia. Godoro likabaki limefunguka pembeni, na waliposhindwa kulilalia wakaitia sufi yake guniani.

Lakini kilichomuuma zaidi alikuwa Filipo. Walipokutana njiani mara ya kwanza, Yeremia alimpigia kelele kwa mbali: "Funikeni masufuria, balozi ananusa!" Akangoja atukanwe. Filipo akashuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasema, "Habari za nyumbani, Mzee Yeremia." Kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mgeni. Toka hapo hakumtania tena. Yeremia akamchukulia jogoo mchana kweupe, makusudi, kwa haki ya utani, apate walau kufukuzwa; jioni Filipo akamtumia na mtama wa kumlishia.

Mwaka uliofuata karani alikuja tena, yule yule. Safari hii Yeremia hakungoja aitwe. Alitangulia mapema, amevaa shati alilopigiwa pasi na Raheli, akasimama wa kwanza, na watu wakanyamaza kwa sababu walikuwa wanajua.

"Jina?"

"Yeremia, mwana wa Danieli. Kazi, fundi magodoro. Mwaka jana nilisema sina, nilisema uongo. Nilikuwa nayo, na ilinilisha vizuri. Niandike fundi, mwanangu."

"Ndivyo inavyotakiwa, mzee wangu," karani alisema, akafurahi. "Na pato lako sasa ni kiasi gani?"

"Sasa sipati kitu."

Karani akaweka kalamu chini. Aliwatazama watu, akatabasamu kama mtu aliyekwisha kuzijua hila za wazee. "Mzee. Fundi, tena fundi mwenye sifa, hapati kitu?"

Yeremia akainua mkono wa kulia, vidole vimesimama. Karani aliona ameinua mkono kuapa.

"Wote mnaapa hivyo hivyo," akasema, bila ubaya, na akamwandikia kodi ya fundi.

Yeremia alibaki amesimama, mkono bado uko juu. Akamtafuta Filipo kati ya watu, akamwona anatazama viatu vyake. Kisha akamgeukia tena karani, akamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia:

"Uongo wangu mliuandika palepale, tena kwa kicheko. Huu ukweli, mwanangu, nimpelekee nani?"